Maji ya Kuchemshiwa

Tulimwita Fundi. Hapa Tunduma mafundi ni wengi, wa magari, wa simu, wa viatu, wa kuchomelea mageti, lakini kwa mtaa wetu ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yule mzee wa koti la suti anayetibu hita za maji. Alikozaliwa na ukoo wake sitavieleza, maana sikuviuliza. Mtu akija kukutengenezea kitu humwulizi habari za babu yake. Nitaeleza niliyoyaona kwa miaka yote aliyokuwa akiingia na kutoka kwenye gesti yangu. Nitaeleza na lile lililonichosha kwake, kwa sababu ukimsifu mtu upande mmoja tu umemdanganya hata yeye mwenyewe.

Lenyewe ni hili. Fundi alijua umri wa kila hita aliyoigusa. Alikwambia hii ina miaka mitatu mbele yake, hii ina mmoja ukiitunza, hii haitaiona baridi ya Juni. Na nyumbani kwake hapakuwa na hita. Mke wake alimchemshia maji ya kuoga kwa kuni kila alfajiri, tangu walipooana, mpaka mgongo wake ukapinda kama mpini wa jembe la zamani. Mimi nilimwambia Fundi aweke hita. Wengine walimwambia. Jibu lake lilikuwa moja miaka yote.

"Bado."

Gesti yangu ina vyumba sita, na wageni wangu ni madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia. Dereva aliyelala siku tatu kwenye foleni ya mpakani haulizi kama kuna televisheni. Anauliza maji ya moto. Upepo wa huku unajua kupita kwenye koti, na vumbi lake linaingia mpaka kwenye meno. Kwa hiyo tangi la maji moto ndilo lililokuwa gesti yenyewe, vitanda ni nyongeza. Nilikuwa na moja kubwa la umeme, kwenye stoo ya nyuma, linalohudumia vyumba vyote. Na Fundi ndiye aliyekuwa daktari wake.

Alikuja na baiskeli. Hakukubali chai kabla ya kazi. Alivua koti akalitundika kwenye msumari uleule, hata siku ambayo kuna kiti, kisha akatoa kwenye mfuko wake bakuli jeupe la bati, lake mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kulitumia bakuli lile kwa kitu kingine. Alifungua bomba la chini ya tangi, akakinga maji ya kwanza, akaenda nayo nje kwenye mwanga. Aliyatazama humo bakulini.

"Mama Gesti," alisema siku moja, hivyo ndivyo alivyoniita, "mtu anaweza kukudanganya. Maji ya kwanza hayajui kudanganya."

Mchanga mweupe chini ya bakuli ni chokaa ya maji ya visima vyetu. Hiyo alisema ni uchafu wa kawaida, unaufungulia maji utoke, kila baada ya miezi michache. Chokaa ikikaa, ndiyo ile unasikia tangi linanguruma kama linatafuna kokoto, na umeme unaliwa bure. Vipande vyekundu ni habari nyingine. Kama maji ya baridi yanatoka meupe na ya moto peke yake yanatoka rangi ya chai, basi ugonjwa uko ndani ya tangi, usiwasingizie watu wa maji.

Baada ya hapo alizima umeme, akafunga maji, akashika spana kubwa. "Ngoja nimwone kondoo," alisema.

Mara ya kwanza nilidhani amechanganyikiwa. Kumbe ndani ya tangi kuna fimbo ya chuma laini, nene kama kidole gumba, imening'inia katikati ya maji. Haichemshi kitu. Kazi yake ni kuliwa tu. Kutu ikija inaila hiyo kwanza, inaliacha tangi. Fundi aliichomoa, akanipa mkononi. Ilikuwa imetobolewa tobolewa, sehemu nyingine imebaki waya mtupu wenye makombo.

"Ibrahimu alipewa kondoo akamwacha Isaka," alisema. "Tangi ndilo Isaka. Kondoo akiisha humu ndani na wewe hujui, kisu kinarudi kwa mtoto."

Mwinjilisti wetu alisikia maneno hayo akaja kumkemea palepale gestini, Fundi akiwa na mikono imelowa.

"Fundi, usichezee Maandiko kwa vyuma."

"Sichezi, Mwinjilisti. Wewe unawasimulia Jumapili, wakifika nyumbani wamesahau. Mimi nawashikisha mkononi."

Mwinjilisti aliuliza kama hita ya nyumbani kwake nayo ina kondoo. Fundi akamwambia ina miaka minne hajatazamwa, kwa hiyo aliyemo sasa labda ni mifupa. Jumatano ile alikuwa nyumbani kwa Mwinjilisti na bakuli lake.

Vile vyuma vilivyoliwa hakuvitupa. Alivifunga kwa kamba akavitundika ukutani kwake, kimoja kimoja. Mke wake alisema kwao Ileje watu hutundika mahindi ya mbegu, yeye ameolewa na mtu anayetundika mifupa. Alisema hivyo akicheka. Wakati huo bado alikuwa akicheka bila kukohoa.

Maneno yake mengine ninayo mpaka leo. Alitofautisha sana kuharibika na kuisha. Watu wanamwita wanasema hita imekufa. Anafungua, anakuta koili imeungua, au kile kidude cha kupima moto kimegoma. Anabadilisha, anaondoka. "Hiyo imeharibika," alisema. "Kilichoharibika kinatengenezeka." Lakini akipitisha kiganja chini ya tangi, pale kwenye mshono, akakuta unyevu, hakufungua hata mfuko. "Ukiona jasho hapa usiniite mimi. Ita wenye mkokoteni waje wabebe. Hii imeisha. Kilichoisha kinaagwa."

Watu hawapendi kuambiwa hivyo. Walimwita mtu wa kuchomelea akaziba. Fundi aliposikia alipita mtaa mwingine na baiskeli yake, hakutaka hata kuonekana karibu na nyumba ile. Alisema tangi la maji moto lenye kiraka anayelala nalo nyumba moja asali kabla ya kulala, na asali tena akiamka.

Mimi nilibishana naye. Nimekulia Itaka kwenye kahawa. Baba yangu hakung'oa mbuni hata mmoja maishani mwake. Mbuni ukizeeka anaukata chini, unabaki kisiki, unachipua upya, na miaka mitatu baadaye unachuma. Nilimwambia Fundi, kwetu kitu cha zamani hakitupwi, kinakatwa kinaanza tena.

"Mbuni una mizizi, Mama Gesti. Bati halina. Lenyewe linakwenda upande mmoja tu."

"Sasa linakaa miaka mingapi?"

"Kwa maji haya ya kwetu, ukimtazama kondoo, kumi na kitu. Usipomtazama, saba, na hiyo saba ni huruma ya Mungu. Ila usihesabu miaka. Tazama. Kuna watu wa miaka arobaini wameisha, na kuna wa themanini wanalima."

Alijua kusema, yule mzee. Na hapo ndipo nilipochoka naye, kwa sababu mwenye maneno kama hayo anarudi nyumbani kwake, anakaa kwenye kigoda, anaita, "Mama watoto, maji." Na mama watoto anainama kwenye mafiga.

Nilikwenda kwao mara nyingi, maana mke wake tuliuziana maharage, akawa mtu wangu. Nyumba yao iko juu kule mji unakoishia, mahali ambapo kuni zilikuwa karibu zamani na sasa ziko mbali. Niliona kwa macho yangu. Mwanamke anapanda na mzigo wa kuni kichwani. Anakoka moto, anapuliza, macho yanatoka machozi, anabeba ndoo mpaka bafuni pale nje, anaweka, anapima kwa kiwiko, anaita, "Baba, tayari." Fundi anaoga, anavaa koti, anapanda baiskeli, anakwenda kuwaambia watu wa mjini wasiache tangi likateseka.

Na alikuwa mtu mwema, sitaki mnielewe vibaya. Hakunywa pombe. Mjane akimwita alichukua alichopewa. Alinikataza nisiagize tangi kubwa kuliko mahitaji yangu, wakati angepata chake kwa muuzaji. Kanisani aliimba besi mbaya kwa moyo wote. Chakula cha wateja hakukila, alikula viazi vitamu vya kuchemsha alivyofungiwa na mke wake kwenye kitambaa. Aliwakatazia watu viraka, na fremu ya baiskeli yake imechomelewa mahali patano, nilihesabu. Siku moja nikamwonyesha. Akasema baiskeli haijai maji moto. Alikuwa na jibu la kila kitu isipokuwa lile moja.

Sasa niseme na la kwangu, nisije nikaonekana mimi ndiye mtakatifu.

Tangi langu lilifika mwaka ambao kondoo wawili walikuwa wameshaliwa, na wa tatu Fundi alikataa kumweka. Alipitisha kiganja chini, akaniita nami nipitishe. Palikuwa na unyevu kidogo, kama jasho la kwapa la mtoto.

"Mama Gesti, huyu ameisha. Tumuage kabla ya baridi."

"Linachemsha."

"Linachemsha, ndiyo. Hata mgonjwa wa siku ya mwisho anaomba uji."

"Fundi, bado," nilimwambia. "Bado kidogo."

Hakubishana. Alitoa kikopo cha rangi nyekundu alichokuwa anaandikia tarehe kwenye matangi ya watu, akachovya brashi, akaandika kwenye tumbo la tangi langu kwa herufi kubwa: BADO. Akavaa koti. Chai siku hiyo hakunywa.

Nililiona neno lile kila nilipoingia stoo kuchukua mashuka. Niliishia darasa la nne lakini herufi nne hazinishindi. Nikalitundikia kanga.

Lilipasuka asubuhi moja ya Julai, gesti imejaa. Halikulia kama bomu, watu wanatia chumvi. Lilitoa sauti kama gunia la mahindi limeanguka, kisha maji yakaja. Yalipita chini ya mlango wa stoo, yakaingia vyumba vitatu, yakabeba viatu vya wageni mpaka uani. Mkamwana wangu, ndiye anayeniendeshea gesti, alikuwa ametoka stoo dakika ile, mashuka mikononi. Nasema dakika ile. Mvuke ulimpata mgongoni kupitia nguo, akawa na wekundu wiki nzima. Angechelewa kukunja shuka moja nisingekuwa naandika haya, ningekuwa naeleza kwa wazazi wake huko Mbangala.

Dereva mmoja wa Zambia alitoka chumbani na taulo, sabuni machoni, anapapasa ukuta. "Mama, ndelomba amenshi," alikuwa anasema, anaomba maji, naye amesimama ndani ya maji mpaka kwenye vifundo. Mkamwana alicheka huku analia. Mimi sikucheka.

Fundi alikuja. Alitazama bati lilivyofunguka kwenye mshono, akageuza kile kipande chenye maandishi mekundu kwa ncha ya kiatu.

"Neno lako hili, Mama."

Nilikuwa nimechoka, nimelowa, na nimeona aibu, na mtu mwenye aibu huuma. Nikamwambia, "Ndiyo, langu. Na la kwako nyumbani umeliandika wapi? Mgongoni kwa mama watoto?"

Mkamwana akaacha kufagia maji. Fundi alisimama. Alitoa bakuli lake jeupe kwenye mfuko, akaligeuza geuza, akalirudisha. Kisha akasema ataleta tangi jipya kesho, wenye mkokoteni wachukue hili. Akaondoka akiisukuma baiskeli bila kuipanda.

Nilidhani neno limeingia. Halikuingia. Alinifungia tangi jipya, akaweka tarehe kwa rangi, akanionyesha kondoo mnono kabla hajamzamisha. Akaendelea kuogeshwa kwa kuni. Nilipomgusia tena alisema umeme wa kwake ni hafifu. Mwaka mwingine alisema bomba la maji halijafika vizuri. Mwaka mwingine, bado. Nikaacha. Mtu anachoka kugonga mlango ambao mwenye nyumba anakuchungulia dirishani.

Kisha miezi ikapita hakuonekana. Tarehe ya kutazama tangi langu ikafika, ikapita. Simu yake haikupokelewa. Wakaniambia mke wake amelazwa. Alikuwa ameinama kupuliza moto, na kuinuka hakuinuka. Majirani walimkuta ameshika figa kwa mikono miwili. Hospitali walisema ni kifua kimejaa moshi wa miaka mingi na mgongo umegoma. Wakamrudisha na masharti mawili, asikae penye moshi na asibebe kitu kizito.

Nikapanda kule juu mwenyewe, na haya magoti yangu. Nilimbebea sukari na sabuni.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni hita. Ukutani kwa bafu la nje, wameijengea kipaa kidogo cha bati, hita nyeupe, mpya, imefungwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Tarehe nyekundu pembeni. Taa yake ndogo inawaka. Nikasema moyoni, kumbe. Imebidi mama watoto aanguke.

Kitu cha pili kilikuwa moshi. Ulitoka nyuma ya nyumba, upande ambao upepo unaupeleka mbali na mlango. Nikazunguka. Fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, koti la suti limetundikwa kwenye mti wa uzio, anapuliza. Hajui kupuliza. Majivu yamemjaa kwenye nyusi. Ndoo inafuka kidogo, haijachemka.

"Fundi. Na tangi lile la ukutani?"

"Linafanya kazi. Maji yake moto sana."

"Anayaoga nani?"

Akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Naoshea vyombo," alisema.

Mke wake alikuwa kwenye kiti mbele ya mlango, blanketi mapajani, jua limempata. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Nikampa mkono, nikakaa kwenye mkeka.

"Mwenzangu, hita umefungiwa, umeikataa?"

"Sijaikataa, dada. Ni nzuri. Naisikia inavyovuma." Akakohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Ila yale maji yanachemka yenyewe. Unafungua, yanatoka, hayajui wewe ni nani."

"Maji ya moto ni maji ya moto."

"Sitaki maji ya moto. Nataka maji ya kuchemshiwa." Alisema polepole kama mtu anayemweleza mtoto. "Dada, miaka yote nimemchemshia huyu. Mimi nilioga yaliyobaki, yameshapoa. Hakuna siku moja aliyoniuliza, wewe ya kwako yako wapi."

Fundi alikuwa ametokea kwenye kona ya nyumba na ndoo. Alisikia. Aliweka ndoo chini kwanza, akapumzisha mkono, maana naye si kijana.

"Hita zote za mji huu," alisema, na hakuwa anamwambia yeyote kati yetu, "nilimchomoa kondoo nikamtazama. Huyu sikumtazama."

Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kumpa, nilikuwa nimeyatunza miaka, na nilipoyatafuta nikakuta yamechoka kama mimi. Nilikuwa nimepanda kumwomba aje anitazamie tangi. Hilo nalo sikulisema.

Aliinua ndoo tena, akaileta mpaka miguuni pa mke wake, akachuchumaa. Mwanamke yule alikunja mkono wa gauni lake taratibu, akaingiza kiwiko kwenye maji, akakiacha humo kidogo, uso umegeukia upande wa mlima. Fundi alimtazama usoni kama alivyokuwa akilitazama bakuli lake jeupe kwenye mwanga.

Akatoa kiwiko. Akakifuta kwenye blanketi.

"Bado," alisema.

Fundi akaichukua ndoo, akarudi nayo kwenye moto.